Mishipa ichorwe kwenye ngozi kabla ya kisu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo lisilojadiliwa sana nje ya hospitali, nalo ni uchunguzi wa mishipa ya damu kabla mgonjwa hajafanyiwa upasuaji wa kuhamisha ngozi ili kufunika kidonda. Kazi yangu ni altrasaundi, na wengi wa wagonjwa ninaoletewa kwa ajili hiyo ni vijana walioanguka na bodaboda, mfupa wa muundi ukabaki wazi.

Kidonda cha namna hiyo hakifunikwi kwa ngozi nyembamba iliyochunwa pajani, kwa kuwa ngozi hiyo haiji na mishipa yake; hutegemea damu ya mahali inapopandikizwa, na mfupa uliovuliwa utando wake hauna cha kuilisha. Daktari hulazimika kuhamisha ngozi pamoja na mafuta yake, ikiwa bado imeshikamana na mshipa unaoilisha. Juu kidogo ya kifundo cha mguu, ambako nyama ni chache, mara nyingi hukatwa kipande kirefu kando ya kidonda kikazungushwa kama pangaboi, pengine hadi nyuzi 180, huku uhai wake wote ukitegemea mshipa mmoja ambao upana wake hukaribia milimita moja tu. Mshipa huo ukikosewa, kipande huwa cheusi ndani ya siku chache, na aliyeingia na kidonda kimoja hutoka na viwili.

Si kwamba mishipa hii haijulikani. Mjerumani Carl Manchot alichapisha ramani yake mwaka 1889, na mwaka 1987 watafiti Ian Taylor na John Palmer wa Melbourne, Australia, walieleza jinsi kila eneo la mwili linavyolishwa na mshipa wake mkuu, wakihesabu wastani wa mishipa mikubwa 374 inayopenya kwenda kwenye ngozi. Lakini ramani ya kitabuni hainioneshi mguu wa mgonjwa aliyelala mbele yangu. Mahali mshipa unapotokezea hutofautiana kati ya mtu na mtu, hata kati ya mguu wa kulia na wa kushoto, na ajali nayo huwa imeharibu mingine.

Madaktari wengi hutumia kifaa kidogo cha Doppler cha mkononi, kinachotoa mlio wa damu inavyopita. Ni rahisi na kina msaada, ila hakielezi mlio unatoka kina gani. Karibu na kifundo, ambako ateri kubwa ya nyuma ya muundi iko juujuu, masikio hudanganyika kirahisi: kinachosikika ni ateri yenyewe, wala si tawi linalokwenda kwenye ngozi.

Wasomaji wamepongeza kufika kwa mashine za CT, zinazopiga picha za eksirei za tabaka kwa tabaka, katika hospitali za rufaa za mikoa, nami naunga mkono. Kwa upasuaji wa kujenga titi kwa ngozi ya tumbo, kipimo hicho kimebadilisha kazi kweli, hasa tangu daktari wa upasuaji Jaume Masia na wenzake wa Barcelona walipochapisha matokeo yao mwaka 2006. Mguuni pia hutueleza kama ateri zake tatu zote zinapitisha damu. Hata hivyo, vyuma vilivyofungwa kwenye mfupa huvuruga picha, dawa inayochomwa ili mishipa ionekane huhitaji figo zipimwe kwanza, na gharama yake si ya kila familia.

Altrasaundi yenye rangi, inayoonesha damu inavyopita kwa rangi kwenye skrini, haina vikwazo hivyo. Inaonesha hasa pale mshipa unapotoboa utando wa misuli, upana wake, na upande unaoelekea. Kasoro iko kwetu sisi wapimaji: tunaandika ripoti ya nusu ukurasa, inawekwa kwenye faili, na daktari aliyeshika kisu anaisoma kama tangazo la redio. Kwa maoni yangu ripoti ya kipimo hiki iandikwe kwenye ngozi ya mgonjwa. Apimwe akiwa amelala vilevile atakavyolazwa chumba cha upasuaji, maana akigeuzwa ngozi husogea na alama huenda nayo. Jeli iwe nyingi na mkono uwe mwepesi, kwa sababu probu, yaani kile kifaa tunachopitisha juu ya ngozi, ikikandamizwa mshipa mdogo hujifunga usionekane. Kalamu iwe ya wino usiofutika kwa iodini, na rangi yake ionekane kwenye ngozi nyeusi. Nimeshuhudia alama za buluu zikimalizwa na pamba ya kwanza ya muuguzi, daktari akabaki anakisia. Bora zaidi, daktari huyo awepo wakati wa kupima.

Tatizo la vifaa ni dogo kuliko inavyodhaniwa. Mashine nyingi hununuliwa na probu ya tumbo peke yake, kwa kuwa waliolengwa ni kina mama wajawazito. Probu bapa ya masafa ya juu, ambayo ndiyo inayoona mishipa ya ngozi, huachwa kwenye orodha ya ziada. Naziomba kamati za manunuzi za hospitali ziiagize pamoja na mashine, na fomu ya kuomba kipimo iongezwe mistari miwili: kipande kitatolewa wapi, na mgonjwa atalazwaje.

Mtaalamu wa altrasaundi,
Morogoro