Kaka, pingamizi sijaliondoa

Kaka shikamoo. Lile pingamizi nililoweka mahakamani usiteuliwe msimamizi wa mirathi ya baba peke yako, bado lipo. Naandika huku kwa sababu kule kwenye group la familia umeweka admin tu ndo atume meseji, na admin ni wewe peke yako, sasa tukuongeleshee wapi.

Najua ulikotoka. Usiku ule akina baba mdogo wamekuja kudai hati, baba yuko hospitali, mama anawabembeleza pale mlangoni, we umelalia lile faili umefumba macho unajifanya umesinzia huku miguu inatetemeka. Tulikuwa kitanda kimoja, niliona.

Unajua nafundisha historia, na kila nikifika kwa Louis wa 14 wa Ufaransa nakuona wewe. Serikali yao ilikuwa imewakamua watu kodi miaka na miaka kwa ajili ya vita na Hispania, 1648 majaji wa Paris wakagomea kodi mpya, mmoja wao akakamatwa, watu wakafunga mitaa. Mfalme mwenyewe mtoto wa miaka 9. Januari 1649 akatoroshwa usiku na mama yake, na mwezi huohuo Waingereza wakamkata kichwa mfalme wao Charles, mume wa shangazi yake Louis, yaani msiba wa nyumbani kabisa. Halafu Februari 1651 watu wa Paris wakaingia ikulu usiku kuhakikisha hajatoroshwa tena, mama yake ikabidi awaache wapite kitandani wamwone, na mtoto kafumba macho anajifanya kalala.

Hakusahau yule. Mazarin, waziri mkuu wake, alipokufa 1661 akasema waziri mkuu hataki tena, anaongoza mwenyewe. Mikoani akawatumia maafisa wanaojibu kwake, walewale ambao waasi walilazimisha waondolewe 1648. Mwaka 1673 akaamuru majaji wasajili kwanza amri zake, kulalamika baadaye. 1682 akahamishia makao Versailles, mbali na mitaa ya Paris.

Kaka, hapo kwenye 1673 soma mara mbili. Si ndo ulichotufanyia arobaini ya baba? Umeshasaini mkataba na mpangaji, hela imeshaingia kwako, ndo unatuita kikao. Mama akauliza kwa upole tu, mwanangu, nyumba ya mjini inaingiza shilingi ngapi? Ukafunga faili, ukasema mama haya mambo huyawezi, mbele ya wakwe, mbele ya baba wadogo walewale! Mama akainama akawa anakunja pindo la khanga yake, anakunja anakunjua. Hilo sijalisamehe.

Uingereza nao, mfalme na Bunge walipigana kuanzia 1642, na Bunge lenyewe katikati ya vita likaweka ushuru mpaka kwenye bia, sisemi waasi ni malaika. Ila 1689 ikaandikwa kwamba mfalme hatozi kodi bila Bunge kukubali na haweki jeshi la kudumu wakati wa amani bila Bunge kukubali. Na 1694, wako vitani na huyohuyo Louis, watu wakaikopesha serikali pauni milioni 1.2 kwa riba ya asilimia 8 kupitia benki mpya waliyoianzisha, maana walijua Bunge liko nyuma ya lile deni. Serikali iliyokubali kuulizwa ndo watu waliiamini na hela zao, kaka.

Ndo maana nikaweka pingamizi usiteuliwe msimamizi wa mirathi peke yako. Wanasema nimekudhalilisha. Ningefanyaje, ungenisikia wapi? Ada yangu ya chuo ulilipa wewe, ukauza pikipiki yako ukatembea kwa miguu mwaka mzima, nakushukuru mpaka kesho, lakini ada haikununua mdomo wangu, wala wa mama. Na mimi sitaki hiyo nyumba, nataka mama ajue chake.

Jumamosi njoo kwa mama na mkataba wa mpangaji na karatasi za benki tangu baba afariki. Mama akishazikagua, Jumatatu naenda mwenyewe mahakamani kuliondoa pingamizi.