Kifungo cha nje kifuate kalenda ya ziwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie kauli ninayoisikia kila mara, mwaloni Kirumba boti za samaki zinapotia nanga, ndani ya daladala za Buhongwa na hata katika vikao vya kata, kwamba mtu aliyepewa kifungo cha nje "ameachiwa". Nimewasimamia watu hao katika mkoa huu wa Mwanza hadi nilipostaafu, kwanza nikiwa afisa ustawi wa jamii na baadaye afisa probesheni, na nakiri kwamba wapo ambao kweli walijikuta wameachiwa. Ila hakuwaachia hakimu. Waliachiwa na utaratibu wa usimamizi uliotungwa kwa ajili ya mtu anayeishi karibu na barabara na kulala usiku, kisha ukatumiwa vilevile kwa mtu anayeishi kisiwani na kufanya kazi usiku kucha.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kufika mahakamani niseme kwa ufupi. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inaipa mahakama uwezo wa kumwamuru mtu aliyetiwa hatiani kwa kosa ambalo adhabu yake haizidi kifungo cha miaka mitatu, au ambaye mahakama inaona hastahili zaidi ya miaka hiyo, afanye kazi ya umma bila malipo badala ya kupelekwa gerezani. Kenya walikuwa wametunga sheria ya namna hiyo mwaka 1998 na Uganda mwaka 2000, kwa hiyo ziwa hili, upande wowote utakaotia nanga, lina adhabu hii. Kabla ya amri kutolewa, afisa hutumwa akachunguze mtu huyo anaishi wapi na nani, riziki yake ni ipi, majirani wanasemaje juu yake, na aliyekosewa anaonaje. Baada ya hapo hupangiwa kituo cha kazi, aghalabu shule, zahanati au ofisi ya kata, ambako msimamizi wa kituo hutunza daftari la mahudhurio. Akikiuka amri bila sababu ya msingi hurudishwa mahakamani, na kutoka hapo anaweza kwenda gerezani alikoepushwa.

Kazi ya afisa ipo kati ya daftari hilo na nyumbani kwa mtu. Ofisini unaona saini tu, na saini haikuambii kama mtu ameanza tena kunywa gongo, kama mke amerudi kwao Magu na watoto, au kama yule aliyempeleka kwenye kosa la kwanza bado anakuja kumgongea usiku. Hayo utayaona ukifika. Ukikaa kwenye kigoda nje ya nyumba kwa nusu saa, bila haraka na bila faili mkononi, utajua kama jiko limewaka leo, kama watoto wako shuleni, na kama jirani anayepita anamsalimu mwenyeji wako au anageuza uso. Nimeandika taarifa nyingi zilizobadilika kabisa kwa sababu ya salamu ambayo haikutolewa.

Sasa nije kwenye ziwa. Miaka kadhaa iliyopita nilikabidhiwa kijana mvuvi wa dagaa, kutoka kisiwa kimoja upande wa Ukerewe, aliyetiwa hatiani kwa kumpiga mwenzake kambini waliyegombania naye mgao. Alipewa miezi sita ya kazi ya usafi katika kituo kilichokuwa mbali na kisiwa chake, kwa muda wa saa nne kila asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa. Alihudhuria siku tisa, kisha akapotea. Taarifa iliyonifikia ilikuwa na neno moja tu, kwamba ametoroka, na hatua iliyokuwa ikifuata ilikuwa kuomba hati ya kumkamata.

Niliomba wiki moja, nikapanda boti. Nilimkuta kambini kwao, saa nne asubuhi, amelala fofofo ndani ya kibanda cha maturubai, kwa kuwa alikuwa ametoka ziwani alfajiri. Hakuwa amekimbia popote. Alikuwa amefanya hesabu yake: nauli ya kwenda na kurudi kila siku ilizidi alichokuwa akipata, na giza lilikuwa limeingia.

Wanaoishi mbali na ziwa wanivumilie nieleze. Dagaa huvuliwa kwa taa, katika usiku wa giza. Mwezi unapokuwa mpevu dagaa hawakusanyiki vizuri kwenye mwanga wa taa, hivyo mitumbwi hupandishwa ufukweni, nyavu zikashonwa, na wavuvi wengi wakaenda kuziona familia zao. Giza likirudi wanaingia majini tena, jioni hadi alfajiri. Anayekosa giza moja amekosa riziki ya mwezi mzima, na tajiri mwenye mtumbwi na nyavu hamsubiri, bali humchukua kijana mwingine aliyesimama pale pale mwaloni. Kumwambia mtu huyo aripoti saa mbili asubuhi katika juma la giza ni sawa na kumwambia mkulima wa pamba wa Kwimba aache shamba mvua ya kwanza inapoanguka. Atakwenda siku chache kwa hofu, kisha njaa itaishinda hofu.

Nilirudi kwa hakimu na taarifa ya kurasa tatu. Namshukuru kwamba aliisoma yote. Kituo kilihamishwa hadi shule ya msingi ya kisiwani kwake, ambako palikuwa na choo cha wanafunzi kinachojengwa na hapakuwa na mtu wa kubeba mawe na maji. Katika siku za giza alifanya kazi kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi, akaenda ziwani. Katika siku za mbalamwezi alifanya asubuhi nzima na kufidia saa zilizobaki. Alimaliza saa zake zote, ingawa alichelewa kwa wiki tatu, na mara mbili ilinibidi nimkaripie vikali mbele ya mwalimu mkuu. Sitadai kwamba alibadilika akawa mtu mwingine. Nadai tu kwamba alitumikia adhabu yake yote, kisiwa kizima kikamwona akiitumikia, akiwemo yule mwenzake aliyepigwa.

Hilo la mwisho nalipa uzito mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Mlalamikaji akisikia tu kwamba mwenzake "amepewa kifungo cha nje", kisha akakutana naye mnadani kesho yake akicheka, atajiona amedharauliwa na serikali, na siku nyingine hatakwenda polisi, atachukua panga. Lakini akimwona kila alasiri amebeba mawe ya choo ambacho watoto wake mwenyewe watakitumia, jambo linakuwa jingine. Usukumani hatukuanza leo kujua adhabu zisizo na kuta. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji vyetu, wametoza faini na kumtenga mkosaji mpaka akubali kosa, na ingawa sitetei yote yaliyofanywa kwa jina lao, wazee wetu waliona mapema kwamba mkosaji anayeonekana kijijini akilipa kosa lake huwatuliza watu kuliko aliyepelekwa wasikomwona.

Kufika huko kuna shida zake. Mgeni akishuka kwenye boti na begi la makaratasi, kambi nzima hudhani ni doria ya uvuvi, na kabla hujamaliza kuvua viatu vilivyolowa wenye nyavu haramu wamekwisha kuzitupa kichakani na vijana wamekimbia, akiwemo huyo uliyekuja kumwona. Nilijifunza kumpigia simu kwanza mwenyekiti wa kitongoji, au kiongozi wa BMU, yule anayesimamia mwalo kwa niaba ya wavuvi wenyewe, anisubiri ufukweni tutembee pamoja. Tulikwenda kama watu wanaokwenda kumsalimia jirani, na sikulitamka neno mfungwa mbele ya watoto wa mtu. Mwanamke mmoja niliyemsimamia, aliyekamatwa akipika gongo huku akinyonyesha, aliniambia kwamba adhabu ya kufagia zahanati hakuiona nzito; iliyomwelemea ni siku ambayo mtumishi mmoja alimwita "mfungwa" mbele ya foleni ya wagonjwa. Hakurudi kwa siku nne. Nilipomfuata nyumbani Igogo, juu kabisa ya mawe ambako hata bodaboda hukushusha njiani, nilimkuta amewasha moto chini ya pipa. Kama ningechelewa wiki moja zaidi, ningemkuta amekwisha rudi katika biashara ile ile.

Najua jibu litakalotolewa, kwamba siku hizi simu zipo, afisa apige tu. Nimepiga sana. Simu inafaa kukumbusha na kupanga, lakini mtu anayeficha jambo hulificha kwa urahisi zaidi asipoonekana, na kisiwani mtandao hupotea au betri huisha, ukabaki hujui kama umedanganywa au la. Najua pia kwamba wapo wasiostahili adhabu hii. Nimewarejesha mahakamani watu kadhaa kwa mkono wangu, mmoja wao baada ya kugundua kwamba alikuwa akimlipa mdogo wake amsainie daftari, na sikulala vizuri usiku ule lakini sikujuta. Hilo nalo niligundua kwa kufika kituoni bila taarifa.

Tatizo ni kwamba kufika kunagharimu, na bajeti ya kufika ndiyo hupunguzwa kwanza. Nimewahi kukaa miezi miwili nikiwa na watu ninaopaswa kuwaona ng'ambo ya maji bila nauli ya boti, nikatumia mshahara wangu kwa wawili na kuwaacha wengine. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025, limetuondolea foleni ya kivuko kwa upande wa Sengerema, na maafisa walio kazini wananiambia wanakwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Lakini Ukara, Kome na visiwa vidogo visivyo na jina katika ramani nyingi bado vinafikiwa kwa maji tu, mara nyingi kwa mtumbwi wa mtu binafsi wenye injini. Tangu msiba wa MV Nyerere karibu na Ukara, Septemba 2018, kila nilipoagwa nyumbani niliagwa kwa kimya. Afisa anayetumwa majini apewe walau jaketi la kuokolea maisha lililo lake, asitegemee lile lililolowa chini ya mtumbwi.

Ninachoomba ni kidogo kuliko jengo jipya la gereza. Nauli ya majini iwekwe katika fungu lake, kando ya mafuta ya gari, kwa sababu zikichanganywa gari hushinda. Viongozi wa mialo waandikishwe rasmi kama wasimamizi wa vituo, kwa kuwa wako ufukweni alfajiri wakati mwalimu na mganga bado hawajafika, na ufuko una kazi tele ya umma, kuanzia kuondoa magugu maji na taka hadi kutengeneza vichanja vya kuanikia dagaa vya kikundi. Nao waheshimiwa mahakimu wa wilaya za kandokando ya ziwa nawaomba wasisaini amri ya saa mbili asubuhi kwa mvuvi kabla ya kumuuliza afisa swali moja ambalo katika miaka yangu yote kazini niliulizwa mara chache: mtu huyu hufanya kazi saa ngapi, na katika siku zipi za mwezi?

Wako,
Afisa probesheni mstaafu,
Nyegezi, Mwanza.