Neema na nafasi za kujitolea JKT

Mama Neema,

Habari za huko, na baba watoto hajambo? Umeniuliza kama Neema aombe nafasi za kujitolea JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, safari hii au angoje. Aombe. Ila kwanza aelewe hilo neno "kujitolea", maana hapo ndipo wengi wanapojikwaa.

JKT ina milango miwili. Ule wa mujibu wa sheria ni wa waliomaliza kidato cha sita: majina yanatangazwa, kijana anakaa kambini miezi mitatu, anarudi kungoja chuo. Huu wa kujitolea ni wa miaka miwili. Anapata posho, si mshahara. Miezi ya mwanzo ni kwata, silaha na mchakamchaka wa alfajiri, halafu zinafuata stadi za kazi na uzalishaji mali: shamba, mifugo, ujenzi. Na tangazo lenyewe husema wazi kwamba JKT haitoi ajira. Watu wanausoma mstari huo kama pambo! Ni kweli jeshi la ulinzi (JWTZ), Polisi, Magereza, Uhamiaji na Zimamoto huchukua vijana waliopita JKT, lakini wanachukua idadi wanayoitaka wao. Wanaobaki hurudi nyumbani na cheti.

Dhana kwamba kambi ni mlango wa jeshini haikuanza jana. JKT ilianzishwa 10 Julai 1963, na vijana waliingia kwa hiari yao, wengi wakitokea Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha wakati huo. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles, jeshi la wakati huo, wakaasi na jeshi hilo likavunjwa. JWTZ ilipoundwa Septemba mwaka huohuo, iliwatafuta askari wake miongoni mwa vijana hao hao. Aliyekwenda kulima akajikuta na bunduki. Hiari nayo haikudumu kwa wasomi. Mwaka 1966 serikali iliwataka watumikie miaka miwili, sehemu kubwa yake wakiwa kazini kwa asilimia 40 ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi wakaandamana Dar es Salaam, na Nyerere akawarudisha makwao karibu 400. Papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Ulazima huo ulisitishwa 1994, ukarudi 2013.

Sasa ya Neema. Maombi hayapelekwi kambini wala makao makuu. Yanapitia ofisi ya mkuu wa wilaya na ya mkuu wa mkoa anakoishi, na usaili unafanyika hukohuko. Hakuna malipo yoyote. Anayedai ana nafasi mkononi na anataka "ya soda" ni kishoka, na kila tangazo likitoka wanazuka upya. Umri nao unapangwa kwa elimu: kidato cha nne kwa kawaida wasizidi miaka 20, kidato cha sita 22. Masharti hubadilika, kwa hiyo msome tangazo la mwaka huu, msitumie karatasi ya binamu yake ya mwaka juzi.

Kinachowaangusha wengi si mbio, ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Neema Yohana, cha shule Neema John, kitambulisho cha taifa (NIDA) kinataja la tatu. Viwekeni vyote vitatu mezani leo, mlinganishe herufi kwa herufi. Kikipishana kimoja, anzeni kurekebisha sasa, kwa wakala wa usajili, RITA, kama ni cheti cha kuzaliwa, kwa sababu wiki za tangazo hazitoshi. Siku ya kuripoti anabeba vyeti halisi, si vivuli.

Vifaa vimeainishwa, na rangi ni rangi. Bukta ya bluu iliyokoza, yenye mpira kiunoni, isiyo na zipu, ndefu hadi magotini. Fulana ya kijani isiyo na maandishi. Raba za michezo za kijani au bluu, shuka mbili, soksi nyeusi ndefu, suti ya michezo, na sweta kama amepangiwa kambi ya baridi kama Mafinga. Nauli ya kwenda na ya kurudi aiweke kando, kwa sababu wanaokwama kwenye vipimo vya afya hulazimika kugeuza. Mabinti hupimwa ujauzito pia.

Raba asinunue siku ya safari. Kiatu kipya na kilomita kadhaa za alfajiri huleta malengelenge kisiginoni, malengelenge yanapasuka, kidonda kinaingia mchanga, na kuruta anahesabiwa mgonjwa wiki ya kwanza. Azivae mwezi mzima kabla, aanze na mbio za dakika kumi na tano asubuhi na kuongeza kidogokidogo. Soksi zibadilishwe kila zikilowa jasho.

Na asisuke. Nywele zinanyolewa akifika, hela ya rasta ataitumia kwa shuka.

Nitumie picha za vile vyeti vitatu, nikuoneshe palipopishana.

Mwenzio,
Mama Juma