Kwa Kaka Ambokile, Katumba

Perth, Australia

Shikamoo kaka. Huku mimi mzima, kazi zinaenda.

Ujumbe wako wa pesa ya dawa ya Mama umeniuma. Pesa ya kipimo nilituma kabla ya Pasaka, mkampelekea yule muuza unga wa mizizi wa stendi, anayewaambia watu vidonda vya tumbo vinaletwa na mawazo na pilipili. Kaka, pilipili inachonyota kidonda kilichopo, haikianzishi. Vingi vinaletwa na bakteria, Helicobacter pylori, wanaokaa tumboni miaka na miaka. Na waliowagundua ni madaktari wa mji huu huu, Barry Marshall na Robin Warren. Watu walipowabishia, mwaka 1984 Marshall akanywa bakteria hao mwenyewe. Akatapika, na alipopimwa tumbo lilikuwa limevimba kwa ndani. Mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobel. Hospitali yao naipita kila asubuhi nikiwa na sare yangu ya uuguzi. Mwambie Mama mdogo, aliyetangaza kanisani kwamba nimekuja kuosha vyombo.

Halafu zile diklofenaki za maumivu ya magoti. Mama akitoka kuchuma chai anameza mbili, hajala kitu. Hizo nazo zinachimba vidonda! Aziache leo, atumie panadol mpaka amwone daktari.

Aende hospitali ya Makandana apimwe choo. Waulizeni kwanza kuhusu omeprazoli, ile dawa ya kupunguza asidi tumboni, kwa kawaida inaachwa wiki 2 kabla, la sivyo majibu yanaweza kudanganya. Wakimkuta na bakteria atapewa dawa mbili za kuwaua pamoja na omeprazoli, mara nyingi za siku 14. Azimalize zote. Safari ile alipopata nafuu alimgawia Mama Tusa vidonge vilivyobaki, ndiyo maana tumerudi hapa hapa. Akitapika damu, au choo kikiwa cheusi kama lami, msingoje kupambazuke. Kodini gari.

Nimewakumbuka, kaka. Mvua za Julai zimeanza, nalala nikiwaza mbalaga za Mama na maharage mabichi. Ndizi za huku ni za kumenya na kula tu.

Pesa nimemtumia Atupele, usikasirike. Nataka anipigie akiwa na karatasi ya majibu mkononi. Habari ya shamba la Kiwira tutaongea Desemba, na asiuze mtu hata mche mmoja kabla sijafika.

Mdogo wako,
Neema