Roboti za wanafunzi zipimwe uzito tangu siku ya kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme machache kuhusu uzito wa roboti ambazo wanafunzi hutengeneza kwa ajili ya mashindano. Mimi ni fundi wa kuchomelea, mzaliwa wa Tanga, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikijitolea jioni katika karakana ya shule moja ya sekondari hapa Minnesota, Marekani, ambako vijana hujiandaa na mashindano ya FIRST, taasisi iliyoasisiwa na Dean Kamen mwaka 1989. Walimu wa huko nyumbani wanaoanzisha klabu za roboti huniuliza wanunue kifaa gani kwanza, na jibu langu huwashangaza: wanunue mizani.

Kanuni yenyewe ni fupi. Katika mashindano makubwa ya FIRST ya msimu wa 2025, roboti haikuruhusiwa kuzidi pauni 115, yaani takriban kilo 52, bila kuhesabu betri na bampa. Msimu uliotangulia kiwango kilikuwa pauni 125. Kabla ya mechi ya kwanza wakaguzi huipandisha roboti kwenye mizani, na ikizidi haichezi mpaka ipunguzwe. Siioni kanuni hiyo kuwa ya uonevu, kwa sababu roboti hizi hugongana uwanjani zikiwa kasini, na kila kilo inayoongezwa huongeza nguvu ya pigo kwa roboti ya wenzao.

Kinachoniuma ni namna tunavyosubiri hadi wiki ya mwisho ndipo tuukumbuke uzito. Mwaka mmoja kikundi chetu kilifika ukumbini kikiwa kimezidi kwa kilo 2 na gramu 300. Nilimtazama msichana wa miaka 15 akiufungua, nati moja baada ya nyingine, mkono wa kupandia, ule ambao roboti hujivutia juu, alioutengeneza kwa wiki sita, kwa kuwa ndicho kitu pekee kilichoweza kutoka kizima bila kuvuruga vingine. Alizipanga boliti ndani ya kopo kwa ukubwa wake, akalifunika, kisha akawaomba radhi wenzake. Mkono ule ulikuwa na uzito uleule aliotutajia tangu Januari, haukuongezeka hata kidogo. Tuliozidisha ni sisi wengine, nikiwamo mimi mwenyewe, niliyeikata fremu kwa bomba nene kwa sababu ndilo nililolikuta karakanani.

Watu wazima wengi wakiona roboti iliyojaa matundu husifu ubunifu wa vijana. Naomba tupige hesabu. Tundu la kipenyo cha milimita 25 katika bati la alumini lenye unene wa milimita 3 hutoa gramu 4 tu. Kwa hiyo kilo moja yahitaji matundu 250, na kila tundu lina kazi ya kupima, kutoboa na kusugua kingo zisije zikamkata mtu vidole, kazi ambayo wanafunzi huifanya usiku wa kuamkia safari, macho yakiwa mekundu. Linganisha na bomba la alumini la pembe nne lenye upana wa milimita 50 kwa 25. Likiwa na unene wa milimita 3, mita moja ina uzito wa kilo 1.1 hivi; likiwa na unene wa milimita 1.5, mita hiyo hiyo haifiki gramu 600. Roboti yenye mita sita za bomba hilo huokoa zaidi ya kilo tatu kwa uamuzi uliofanyika dukani, kabla msumeno haujaguswa. Ni kweli kwamba bomba jembamba hubonyea pale boliti inapokazwa sana na pale magurudumu yanapofungwa, na hapo ndipo lile nene linapostahili kubaki, lakini si kila mahali.

Mota nazo ni vivyo hivyo. Mota ya zamani ya CIM ina uzito wa karibu kilo 1.3, ilhali NEO, mota isiyotumia brashi za kupitisha umeme, ina gramu 430 hivi. Ukibadilisha nne umepata zaidi ya kilo tatu, na hakuna mkono wa mtoto uliong'olewa.

Baada ya mwaka ule tulianza kugawa uzito kama familia inavyogawa mshahara: fremu na magurudumu kiasi hiki, mkono kiasi hiki, umeme kiasi hiki, na kilo mbili za akiba ambazo hakuna aruhusiwaye kuzigusa mpaka roboti ikamilike, maana mizani ya ukumbini na ya karakanani si lazima zikubaliane. Kila kipande hupimwa kabla ya kufungwa na kuandikwa daftarini, zikiwamo boliti na nyaya, vitu ambavyo mchoro wa kompyuta hauvihesabu mpaka uviingize mwenyewe. Tukilazimika kupunguza, tunaanza na vilivyo juu, kwa kuwa uzito wa juu ndio unaoiangusha roboti inapopiga kona. Daftari hilo analishika yule msichana, na hata mimi sifungi kitu kabla hajakipima.

Najua klabu nyingi za nyumbani hazitengenezi roboti za kilo 52. Lakini katika sumo ndogo ya roboti, ambapo roboti mbili husukumana nje ya duara na kiwango ni gramu 500, betri iliyochaguliwa vibaya inaweza kumtoa mtoto mashindanoni, na katika kitengo cha magari yanayojiendesha cha World Robot Olympiad, mashindano ya kimataifa ya roboti za wanafunzi, kiwango ni kilo 1.5. Mizani ya jikoni ya kidijitali inatosha kabisa kwa kazi hiyo, na bei yake ni ndogo ikilinganishwa na vifaa vingine.

Ombi langu kwa waandaaji wa mashindano ya shule ni kwamba watenge siku moja, walau wiki tatu kabla ya mashindano, ambapo kila kikundi kitaleta roboti yake ipimwe bila adhabu yoyote, ikiwa na nyaya na boliti zake zote. Kikundi kitakachokutwa kimezidi kitakuwa bado na muda wa kubadilisha bomba au mota, na mwalimu atakuwa na muda wa kuuliza ni sehemu ipi iliyovuka mgawo wake, badala ya kung'oa kile kilicho rahisi kung'oka.

Fundi wa kujitolea,
Minnesota, Marekani