Kati ya Bikira Maria na Ponsio Pilato pana koma tu

Ndugu Mhariri,

Msomaji wenu aliyeandika hapa kwamba Ukristo ni msalaba, na kwamba yote aliyofanya Yesu kabla ya Ijumaa ile ni utangulizi, hakunikasirisha. Alinikumbusha mtoto mmoja.

Mimi ni katekista, mwaka wa 26 sasa, na ninaandaa watoto kwa komunyo ya kwanza. Kazi yetu kubwa ni kukariri: natangulia, wanafuata. Jumamosi moja tulikuwa kwenye Kanuni ya Imani, sala tunayokiri yale tunayoyaamini. “Akazaliwa na Bikira Maria.” Wakarudia. “Akateswa kwa mamlaka ya Ponsio Pilato.” Wakarudia, isipokuwa msichana wa benchi la nyuma, ambaye alinyoosha mkono. “Mwalimu, umeruka.” Nikachungulia kitabu, sikuwa nimeruka. Nikampelekea, akapitisha kidole kwenye mstari taratibu, akakirudisha mwanzo, akapitisha tena. Kisha akasema, “Basi aliyeandika ndiye aliyeruka.”

Nilicheka ili nipate muda wa kufikiri. Nilikuwa nimeisali Kanuni ile tangu utotoni na sikuwahi kuliona shimo hilo. Na Kiswahili chetu kinalizidisha. Hiyo “ka” ni ya mambo yanayofuatana: akaamka, akanawa, akatoka. Akazaliwa, akateswa, akafa, akazikwa. Asiyejua habari zake atadhani mtoto alitolewa horini akapelekwa moja kwa moja kwa Pilato. Luka anasema alikuwa na umri wa miaka kama 30 alipoanza kazi yake. Yote hayo, pamoja na kazi yenyewe, yamemezwa na koma.

Nikatazama ukutani. Vituo vya Njia ya Msalaba ni 14, kila kimoja na picha yake, na vyote ni vya siku moja, ile aliyosulubiwa. Kuanguka tu kuna picha tatu. Ya mkoma aliyeguswa haipo. Ya Mariamu na Martha haipo.

Sasa nimtendee haki msomaji wenu, maana ana hoja. Paulo, ambaye barua zake ni za kale kuliko Injili, hasimulii muujiza hata mmoja wa Yesu wala mfano hata mmoja. Anawaambia Wakorintho kwamba alichopokea, naye akakitoa kwao, ni hiki: Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi zetu, akazikwa, akafufuka siku ya tatu. Nazo Injili zimeinamia upande huohuo. Marko ana sura 16, na kuanzia ya 11 Yesu yuko tayari Yerusalemu, katika siku zake za mwisho. Yohana anatumia sura saba, ya 13 hadi ya 19, kwa usiku mmoja na mchana wake. Hakuna anayesimulia maisha ya mtu hivyo kama kifo chake ni jambo la kawaida. Na bila ufufuko sidhani kama tungekuwa tunaandikiana barua hizi.

Hata ukimya wa Kanuni naufahamu. Kilichoandikwa ni kilichogombaniwa. Maaskofu waliokutana mjini Nisea mwaka 325, ambako Kanuni nyingine ilitungwa, walikuwa wakibishana kama Mwana ni sawa na Baba. Hawakubishana kama alisimulia habari za mpanzi.

Ila hapa ndipo ninapoachana naye. Siku ile misalaba ilikuwa mitatu. Mbao zilezile, askari walewale, jua lilelile. Kama kifo peke yake ndicho kila kitu, wale wawili wa pembeni nao walikufa hivyohivyo. Warumi walisulubisha watu kwa maelfu. Baada ya uasi wa watumwa ulioongozwa na Spartacus, mwaka 71 kabla ya Kristo, walisimamisha watu kama 6,000 misalabani kando ya barabara ya kwenda Roma, na majina yao hatuyajui. Tunajuaje basi kwamba msalaba wa katikati si kama mingine? Mmoja wa wahalifu alitoa jibu akiwa palepale juu: sisi tunapata tulichostahili, bali huyu hakutenda lolote lisilofaa. Mtu amebakiza saa chache za kuishi, na anachopima ni matendo ya jirani yake.

Mitume nao hawakuruka. Walipomtafuta wa kuziba nafasi ya Yuda, Petro hakusema inatosha awe aliliona kaburi tupu. Alitaka mtu aliyefuatana nao wakati wote Bwana alipokuwa akiingia na kutoka kwao, tangu ubatizo wa Yohana. Akiingia na kutoka! Napenda maneno hayo kwa sababu ni ya nyumbani. Nao wale wanafunzi wawili waliokuwa wakienda Emau walitembea na mfufuka, wakamsikia akifafanua maandiko, wasimtambue. Walimtambua alipoumega mkate.

Sisi Wakatoliki tuliliona pengo hili, ila kwa kuchelewa. Rozari ya zamani, sala tunayotafakari kwa mafungu matukio ya Yesu na mama yake, ilitoka Matendo ya Furaha, mtoto wa miaka 12 akipatikana hekaluni, ikaingia Matendo ya Uchungu, mtu mzima akitoka jasho la damu bustanini. Karne kwa karne tulisali hivyo. Ni mwaka 2002 ndipo Papa Yohane Paulo II alipoongeza Matendo ya Mwanga: ubatizo wa Yordani, harusi ya Kana, kuhubiri Ufalme, kugeuka sura, Karamu ya Mwisho. Nakumbuka wazee walivyonung'unika. Mmoja alinieleza kwamba rozari imeharibiwa hesabu, na kwa hesabu alikuwa sahihi: mafungu matatu yamekuwa manne.

Simwombi mtu yeyote abadili Kanuni. Nimebadili kipindi changu tu. Tukifika “akazaliwa na Bikira Maria” tunafunga vitabu, na kwa wiki nane hatusali mstari unaofuata darasani. Tunasoma yaliyomo ndani ya koma. Mzazi mmoja alikuja kulalamika kwamba mwanawe atachelewa kuikariri Kanuni. Nikamwambia ni kweli, atachelewa.

Jumamosi iliyopita tulikuwa na mjane wa Naini, yule ambaye Yesu alimfufulia mwanawe. Mtoto mmoja aliuliza kama yule kijana aliyefufuliwa alikuwepo siku Yesu aliposulubiwa. Biblia haisemi, nikamjibu hivyo, naye hakuridhika. Kwa Pilato tutafika baada ya wiki tano.

Katekista
(Jina na anuani yangu unavyo, Mhariri)