Barua kwa vijana wa baraza letu, kuhusu ile kadi ya mkopo

Assalaam aleikum, wanangu na wajukuu zangu wa baraza la Kibokoni.

Juzi baada ya Isha, mlipokuwa mkimngoja muuza kahawa, mwenzenu mmoja alitoa kadi mpya mfukoni akaiweka juu ya baraza, kando ya sahani ya kashata. Ikapita mkono kwa mkono. Mmoja akaipima uzito kama anayenunua dhahabu, mwingine akakwaruza herufi za jina kwa ukucha. Ilipofika kwangu niliisogeza kwenye taa, kwa macho haya yaliyobaki, nikasoma jina la mjukuu wa jirani yangu. Nikamwuliza, "Hii ndiyo ya mshahara?" Akacheka. "La, Babu. Ya mshahara ni pesa yangu. Hii ni pesa ya benki, mimi natumia tu." Mkacheka nyote, nami nikacheka, kahawa ikamiminwa, mazungumzo yakahamia kwenye mpira.

Leo siku ya tatu na hilo "natumia tu" halijanitoka kichwani. Ningeweza kuyasema haya pale pale barazani, lakini mnanijua: nikianza kusema, mtu ataleta mzaha na nitaufuata mzaha. Kwa hivyo naandika.

Nimeuza leso Mtaa wa Biashara kwa miaka 31. Ukutani tulibandika karatasi iliyosema "Leo taslimu, mkopo kesho", na kila mteja aliyeisoma alielewa kwamba kesho hiyo haifiki. Hata hivyo chini ya meza lilikuwapo daftari la jalada gumu, na lilikuwa limejaa. Marehemu baba alikuwa ameniandikia ukurasa wa kwanza, kwa wino wa bluu: mali bila daftari huisha bila habari. Basi msinione mtu asiyejua deni. Nimekopesha nusu ya mji huu, na nusu nyingine ilinikopesha mimi.

Msimu mmoja wa harusi alikuja mama mmoja wa Majengo akitaka doti kumi, sare ya kina mama wa upande wa bibi harusi. Taslimu hakuwa nayo. Nikafungua daftari, nikaona bado ana doti tatu za Idd hazijalipwa. Nikamletea maji ya kunywa, nikamwambia, "Mama, chukua nne. Hizi sita tuziweke kando mpaka zile za Idd ziishe." Alinuna. Wiki mbili nzima akipita mtaani kwetu alipita ule upande wa pili wa barabara, na buibui lake akilivuta uso mzima. Wiki ya tatu akaja, akalipa za Idd, akachukua sita zake, tukacheka.

Sasa nitajieni kadi iliyowahi kumwambia mtu "chukua nne". Mimi najua kinyume chake. Ukitumia sana na kulipa kidogo kidogo, unapata meseji ya pongezi kwamba kikomo chako cha kukopa kimepandishwa. Na hili si jambo la leo. Mwaka 1958 benki moja kubwa ya Marekani ilituma kadi 60,000 kwa watu wa mji wa Fresno, California, bila wao kuziomba. Mtu alifungua bahasha akakuta tayari anaruhusiwa kukopa. Ndiyo kadi hiyo ambayo 1976 ilipewa jina la Visa, ambalo leo mnalibeba mfukoni. Ilianza kwa kumfuata mtu nyumbani, na tabia hiyo haijaiacha.

Haya, chukueni kalamu. Tuseme una deni la 60,000 kwenye kadi, na riba ni asilimia 3 kwa mwezi. Nyingine huwa juu ya hapo, nyingine chini. Kila mtu asome karatasi yake. Benki inakwambia ukilipa asilimia 5 ya deni kila mwezi wewe ni mteja mzuri. Mwezi wa kwanza riba ni 1,800, deni linakuwa 61,800, na wewe unalipa 3,090. Unajiona umelipa elfu tatu. Kumbe deni limepungua shilingi 1,290. Endelea hivyo mwaka mzima bila kukosa hata mwezi mmoja na bila kununua hata chupa ya maji kwa kadi hiyo: utakuwa umetoa karibu 33,000, na bado unadaiwa zaidi ya 46,000. Zaidi ya 19,000 zimekwenda kwenye riba peke yake. Niliifanya hesabu hii mara mbili, kisha nikampa mjukuu wangu wa Fomu Tatu aifanye, tukatoka sawa.

Mtaniuliza, Mzee, haya umeyasoma wapi? Sikuyasoma. Niliwahi kuwa na kadi ya mkopo mwenyewe. Benki nayo sitaitaja, na kosa lilikuwa langu pia. Harusi ya binti yangu ilipokaribia, nilikumbuka kijana wa benki aliniambia nina siku zaidi ya arobaini za kulipa bila riba. Nikaenda ATM nikatoa 40,000 za wapishi na turubali, moyo umetulia. Hizo siku za bure ni za kununua vitu. Pesa taslimu ukiitoa kwa kadi ya mkopo unakatwa ada papo hapo, na riba huanza kuhesabiwa siku ile ile. Hilo limeandikwa, tena limeandikwa kwa herufi ndogo kuliko za msahafu wa mfukoni. Nililipa miezi 14. Binti yangu alikuwa amekwishazaa nami bado nalipia pilau ya harusi yake. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Walikuwa wamefika mbele yangu. Siku nilipomaliza nilichukua mkasi wa dukani, ule wa kutenganisha doti, nikaikata kadi vipande viwili kama ninavyokata leso, katikati kabisa.

Kisha kuna jambo la nyinyi mnaofanya kazi hotelini, Nyali na Bamburi na kule Diani. Nyinyi ndio mnaonitia wasiwasi kuliko wa bandarini. Kaskazi inavuma, vyumba vimejaa, mshahara unaingia na bakshishi juu yake, na benki inautazama mshahara wa Disemba na Januari inakupimia kadi kwa kipimo hicho. Masika ikishuka mwezi wa nne, wageni wamekwenda kwao, unaambiwa kaa nyumbani tutakupigia. Mshahara umekaa nyumbani nawe, lakini kadi haikai nyumbani. Mtu wa mkataba wa msimu, kwa maoni yangu, asiwe na kadi ya mkopo kabisa. Najua wapo watakaosema nawadharau. Wanijibu tu: mwezi wa tano watailipa na nini?

Taslimu nayo nisiisifu kupita kiasi. Naipenda kwa sababu inaonekana inavyoondoka. Ukiwa na noti ya elfu moja asubuhi, ukala mahamri na mbaazi, ukapanda matatu, ukampa mtoto ya shule, jioni unahesabu sarafu na unajua siku imekwendaje. Muuza viazi karai na muuza madafu hawakudai namba ya siri. Lakini taslimu huibwa, huliwa na mchwa, na wakati mwingine serikali huizima. Mnakumbuka 2019, noti za zamani za elfu moja zilipopewa mpaka tarehe 30 Septemba? Shangazi yangu alikuwa na fungu lake ndani ya kopo la biskuti, chini ya kitanda, limefungwa kwa kipande cha leso. Hakumwambia mtu. Alitoa kopo lile mwezi wa kumi na moja. Noti zote safi, zimenyooka, na hazikununua hata kibiriti. Tangu hapo nasema pesa ya nyumbani iwe ya wiki mbili tatu, iliyobaki ikae benki.

Ndipo inapokuja kadi ya mshahara, ile mnayoiita ya ATM. Kwangu hiyo haina lawama kubwa. Ukitumia, unatumia chako, na kikiisha mashine inakataa, nawe unaona haya kidogo mbele ya watu, na hiyo haya ni dawa. Ila jihadharini na mambo mawili. Kwanza, mwizi akiipata namba yake, pesa inayotoka ni yako, kodi ya nyumba yako, nawe ndiye unayekimbia kuitafuta. Ya mkopo ikiibwa, pesa iliyotoka ni ya benki, na mzozo unauanza ukiwa bado na chakula. Basi usimpe mhudumu akaondoka nayo nyuma ya pazia. Aje na mashine mezani. Pili, hoteli za safarini na magari ya kukodi huzuia kiasi fulani kwenye kadi kama dhamana. Mpwa wangu alizuiliwa hivyo ughaibuni kwa kadi ya mshahara, na pesa ilirudi siku nyingi baada ya yeye kufika nyumbani. Siku zote hizo alikuwa na pesa ambayo hawezi kuigusa.

Kwa hivyo sikatai kwamba kadi ya mkopo ina pahala pake. Tiketi ya ndege, hoteli ya nchi ya mbali, kitu cha intaneti ambacho huenda kisifike na utataka kudai urejeshewe: hapo inafaa. Aliye na mshahara wa kudumu na safari za kweli awe na moja, yenye kikomo kidogo, na aiambie benki imkate deni lote kila mwezi kutoka akaunti yake, lote, si ile asilimia 5. Siku anapoitumia aandike kwenye daftari kana kwamba pesa imekwishatoka, maana imekwishatoka. Akiikosa pesa ya kulipa lote mwezi mmoja tu, aiweke kabatini.

Na msinunue leso kwa kadi, nawaomba. Kila mkipitisha kadi, mwenye duka anakatwa sehemu ya mauzo, ndiyo maana ukimwomba akupunguzie anakuuliza kwanza unalipa na nini. Hili nalisema kama muuza duka, si kama mzee.

Ile mikopo ya simu sina haja ya kuieleza, mnaijua kuliko mimi. Nacheka tu kila nikisikia mmojawapo unaitwa Fuliza, maana kufuliza kwa Kiswahili chetu ni kufanya jambo mfululizo bila kukatiza. Aliyechagua jina hilo alijua Kiswahili vizuri.

Kuhusu riba, mimi si sheikh, na tangu 2008 zipo benki za Kiislamu nchini. Nendeni mkawaulize wanaojua. Nitasema moja tu ninaloliona. Aya ndefu kuliko zote katika Qurani, ya 282 katika Suratul Baqara, inazungumzia deni: liandikwe, liwe na muda wake, liwe na mashahidi, na msione uvivu kuliandika likiwa dogo au kubwa. Mashahidi. Deni la daftari langu lilikuwa na mashahidi hata bila kuwaita. Mtaa mzima ulijua nani ananidai na nani namdai.

Mwaka jana tulimzika mtu wa rika langu, hapa hapa, mnamjua. Kabla ya sala ya maiti kaka yake alisimama kama tunavyosimama sote, akasema mwenye kumdai marehemu na aje kwa wafiwa, tutalipa. Msikiti ulinyamaza. Hakuna aliyeinua mkono, na wengine tulitazamana tukisema kimoyomoyo, mashaallah, ameondoka mwepesi. Baada ya arubaini, mwanawe alifungua droo ya kabati akitafuta cheti cha kuzaliwa, akakuta bahasha za kadi, nyingi, nyingine hazijafunguliwa. Mdai hakuwa msikitini. Hakujua hata kama kuna maziko. Kijana alinijia usiku na zile bahasha ndani ya mfuko wa nailoni, tukaketi sakafuni tukazipanga kwa tarehe, na kila tuliyoifungua mama yake alikuwa akiuliza kutoka chumba cha pili, "Hiyo nayo ni nini?"

Hadi leo wanalipa.

Basi wewe mjukuu wa jirani yangu, mwenye ile kadi, sikukasirikii. Jumamosi baada ya Alasiri njoo kwangu na karatasi yake ya mwezi, ile inayotoka benki, usiniletee picha ya simu, macho hayawezi. Kama kuna mwingine anayeficha yake, aje naye. Nitamweka chumba cha ndani, hakuna atakayemwona. Daftari ninalo, kalamu ninayo. Kahawa mtalipa nyinyi, taslimu.

Babu yenu wa duka la leso,
Kibokoni, Mombasa